Red Headed Stranger: Albamu iliyodhaniwa haijakamilika

WAKUU wa kampuni ya kurekodi muziki ya Columbia walipoletewa albamu ya Red Headed Stranger mapema mwaka 1975, walidhani wanasikiliza rekodi ya majaribio ambayo bado ingerudishwa studioni kukamilishwa.

Hapakuwa na fidla wala kwaya ya kuitikia nyuma ya mwimbaji. Palikuwa na gitaa moja kuukuu, piano, harmonika iliyolia kwa mbali, ngoma zilizopigwa kana kwamba kuna mtoto aliyelala chumba cha pili, na sauti kavu ya Willie Nelson, Mmarekani wa miaka 41 kutoka Texas ambaye kufikia wakati huo alijulikana zaidi kwa nyimbo alizowatungia wenzake.

Mkataba wake, hata hivyo, ulimpa neno la mwisho. Albamu ilitoka Mei mwaka huo ikiwa jinsi alivyoileta, ikapanda hadi nambari moja katika orodha ya albamu za kantri ya jarida la Billboard, na kumfanya mtu aliyekuwa amewahi kuamua kuacha kuimba kuwa miongoni mwa wanamuziki mashuhuri zaidi wa Marekani.

Hadithi inayosimuliwa ndani yake ni ya mhubiri aliyemuua mkewe. Ni hadithi ya kutisha iliyosimuliwa kwa sauti ya upole, na mgongano huo ndio umeifanya albamu hiyo iendelee kujadiliwa nusu karne baadaye.

Nyimbo za bei ya kutupa

Willie Hugh Nelson alizaliwa Aprili 29, 1933 katika mji mdogo wa Abbott, Texas. Yeye na dada yake mkubwa, Bobbie, walilelewa na babu na nyanya yao, watu wa kanisa waliopenda muziki. Babu alimnunulia mjukuu gitaa akiwa na umri wa miaka sita; Bobbie akashika piano. Nyakati za mavuno watoto hao walichuma pamba kama jirani zao wengine.

Baada ya muda mfupi katika jeshi la wanahewa, Nelson alipitia vibarua vya kila aina. Alitangaza redioni, akauza ensaiklopidia na Biblia nyumba kwa nyumba, na usiku akaimba katika baa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dhiki ilimfanya auze haki za nyimbo zake. Family Bible aliuza kwa dola 50. Night Life, ambao baadaye uliimbwa na magwiji kama B.B. King na Aretha Franklin, aliuza kwa dola 150.

Alihamia Nashville, kitovu cha muziki wa kantri katika jimbo la Tennessee, mnamo 1960. Huko kipaji chake cha kutunga kilitambuliwa haraka. Mwaka uliofuata Faron Young alitamba na Hello Walls, naye Patsy Cline akarekodi Crazy. Nyimbo zote mbili ni za Nelson.

Kuimba ndiko kulikomshinda, au tuseme ndiko alikoshindwa na Nashville.

Katika miaka hiyo, studio za mji huo zilikuwa zimezoea mtindo wa kulainisha muziki wa mashambani ili uwavutie wakazi wa mijini. Fidla nyingi za okestra zilitandazwa chini ya sauti ya mwimbaji kama zulia, kwaya ikaitikia kwa utaratibu, na kila kona ikasuguliwa. Mpenzi wa kantri nchini Kenya aliyekulia kwa sauti ya Jim Reeves redioni anaufahamu mtindo huo hata kama hajui historia yake, kwa kuwa Reeves alikuwa miongoni mwa waliounawirisha, akiongozwa studioni na mpiga gitaa Chet Atkins wa kampuni ya RCA.

Nelson naye aliwekwa chini ya Atkins huyo huyo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi mapema miaka ya 1970 alirekodi albamu nyingi kwa RCA, na hakuna hata moja iliyompandisha kileleni. Kilichofaa sauti ya Reeves, nzito na laini kama asali, hakikumfaa mtu ambaye huimba kama anayezungumza, akiutangulia mdundo katika mstari mmoja na kuuchelewea katika mwingine. Ukimzungushia okestra mwimbaji wa aina hiyo, ama yeye ataonekana amepotea, au okestra.

Nyumba yake karibu na Nashville ilipoteketea, alirudi Texas. Mjini Austin alikuta jambo ambalo Nashville haikuwa imeligundua. Vijana wenye nywele ndefu na wachunga ng'ombe wenye kofia pana, makundi mawili ambayo kwingineko yangepigana, walikuwa wakihudhuria tamasha moja na kunywa bia pamoja. Nelson akafuga nywele na ndevu, akavua suti, akaanza kuwaimbia wote wawili.

Kampuni ya Atlantic ya New York ilimpa nafasi ya kurekodi alivyotaka. Matunda yake ni Shotgun Willie (1973) na Phases and Stages (1974), albamu ambazo wahakiki walizisifu. Lakini Atlantic iliifunga idara yake ya kantri mnamo 1974, na Nelson akajikuta tena bila kampuni. Ndipo Columbia ilipomchukua, kwa sharti kwamba yeye ndiye angeamua kitakachorekodiwa na namna kitakavyosikika.

Kifungu hicho kilikuwa nadra katika biashara ya kantri ya wakati huo. Kwa desturi prodyuza ndiye aliyechagua nyimbo, wapigaji na studio, na mwimbaji akaja kuingiza sauti kama fundi aliyeitwa kupaka rangi nyumba iliyokwisha kujengwa.

Wimbo wa mwanahabari

Kiini cha albamu si utungo wa Nelson. Wimbo uliobeba jina la Red Headed Stranger, yaani mgeni mwenye nywele nyekundu, uliandikwa katika miaka ya 1950 na Edith Lindeman pamoja na Carl Stutz, wakazi wa Richmond, Virginia. Lindeman alikuwa mwanahabari wa gazeti la Richmond Times-Dispatch, akiandika kuhusu filamu na michezo ya kuigiza. Stutz alikuwa mtangazaji wa redio. Wawili hao ndio pia waliotunga Little Things Mean a Lot, wimbo wa mapenzi uliovuma sana kwa sauti ya Kitty Kallen mnamo 1954. Si kila siku mwandishi wa gazeti huacha nyimbo mbili za namna hiyo.

Arthur Smith, mpiga gitaa aliyejulikana kwa lakabu ya Guitar Boogie, ndiye aliyeurekodi wimbo huo wa mgeni. Nelson, wakati huo mtangazaji wa redio mjini Fort Worth, aliucheza katika kipindi chake cha watoto, na nyumbani akawaimbia wanawe wakienda kulala. Ajabu ni kwamba wimbo huo una mwanamke anayepigwa risasi. Labda watoto wa Texas walilala vyema vilevile.

Miaka ilipita. Baada ya kutia sahihi mkataba wa Columbia, Nelson alikuwa akiendesha gari kutoka Colorado kurudi Austin pamoja na mkewe wa wakati huo, Connie, huku akiwaza albamu mpya. Connie ndiye aliyempendekezea wimbo ule wa zamani. Safari ilikuwa ndefu, na kabla ya kufika Nelson alikuwa ameshajenga hadithi kuuzunguka: mgeni huyo alikuwa nani, alitoka wapi, na kwa nini alimvuta farasi asiyepandwa na mtu.

Kisa chenyewe

Majibu yake yanaanzia mwaka 1901. Mhubiri anampenda mkewe kupita kiasi. Mke ana moyo kwa mwanamume mwingine aliyemjua zamani, na siku moja anaondoka kumfuata. Mhubiri haamini. Analia kama mtoto, akili inamtoka, kisha anatandika farasi na kuanza kuwasaka.

Anawapata ndani ya baa. Mauaji yenyewe yanapita kwa mistari michache, bila kelele za ngoma wala kupandisha sauti, kiasi kwamba msikilizaji asiyekuwa makini anaweza kuyakosa.

Kutoka hapo mhubiri ndiye yule mgeni mwenye nywele nyekundu. Akitoka Blue Rock, Montana, anafika mjini akiwa amepanda farasi dume mweusi na kumvuta wa pili, wa rangi ya hudhurungi, aliyekuwa wa marehemu. Mwanamke mwenye nywele za manjano anamtamani farasi huyo. Anamfuata mgeni nje ya baa, ananyoosha mkono kumshika mnyama, na risasi inamuua papo hapo. Mgeni anaachiliwa huru, kwani kwa sheria ya simulizi hii mwizi wa farasi hana mtetezi.

Upande wa pili wa sahani ya santuri una maneno machache zaidi. Mgeni anaelekea kusini hadi Denver, anakutana na mwanamke mwingine katika ukumbi wa dansi, na muziki wenyewe unachukua usukani wa simulizi. Kuelekea mwisho, katika Hands on the Wheel, wimbo wa Bill Callery, tunamwona mzee akiwa na mtoto, ametulia, amejikuta upya katika mapenzi. Gitaa linamalizia peke yake katika kipande kifupi kiitwacho Bandera.

Msomaji wa tenzi za Kiswahili hatapata taabu kuufuata mpangilio huu. Kama ilivyo katika Utenzi wa Fumo Liyongo, mambo mengi hutajwa kwa kudokezwa, na msikilizaji hutegemewa kuujaza uwazi. Wimbo wa kwanza, Time of the Preacher, unarudi mara kadhaa kama kibwagizo, na kila unaporudi mhubiri yuko katika hali mbaya zaidi ya pale tulipomwacha.

Sehemu kubwa ya nyimbo 15 za albamu hii ni za watunzi wengine, na baadhi zilikuwa za kale hata wakati huo. I Couldn't Believe It Was True ulikuwa wimbo wa Eddy Arnold na Wally Fowler. Remember Me ni wa Scott Wiseman. Can I Sleep in Your Arms ni wa Hank Cochran, rafiki wa Nelson tangu siku za Nashville. Nyimbo hizo hazikuandikwa kwa ajili ya mhubiri yeyote. Nelson alizipanga kwa utaratibu ambao unazifanya zisikike kana kwamba zilikuwa zikimsubiri.

Vivyo hivyo kwa vipande visivyo na maneno. Baada ya damu kumwagika, Bobbie anapiga kwa piano wimbo wa kanisa Just as I Am, ambao maneno yake yalitungwa na Mwingereza Charlotte Elliott katika karne ya 19 na ambao kwa miaka mingi uliimbwa katika mikutano ya injili ya Billy Graham watu walipoitwa mbele kutubu. Hakuna anayeimba hapa. Lakini kwa msikilizaji anayeyajua maneno hayo, muuaji ameshaitwa mbele. O'er the Waves nao ni wimbo wa dansi wa Mmexico Juventino Rosas, wa karne hiyo hiyo, mwafaka kabisa kwa ukumbi wa Denver.

Siku chache Garland

Nelson hakwenda Nashville wala New York kurekodi. Alichagua studio ya Autumn Sound mjini Garland, karibu na Dallas, ambako mhandisi wa sauti Phil York alikuwa na mitambo mipya na muda wa kutosha. Kazi ilifanyika Januari 1975, kwa siku chache tu. Gharama yake inakadiriwa kuwa dola 4,000, ilhali mwanamuziki huyo alikuwa amepewa makumi ya maelfu na kampuni.

Wapigaji walikuwa wale wale aliozunguka nao barabarani: dada yake Bobbie kwenye piano, Paul English kwenye ngoma, Bee Spears kwenye gitaa la besi, Mickey Raphael kwenye harmonika, na Jody Payne kwenye gitaa na mandolini. Kwa vigezo vya Nashville, ambako wapigaji wa studio walikuwa tabaka maalumu lililotenganishwa na bendi za safarini, huo nao ulikuwa utundu.

Agizo lao kubwa lilikuwa kunyamaza. Kuna nyimbo ambazo kwa dakika nzima husikiki ila gitaa na sauti, halafu harmonika inaingia kwa pumzi mbili na kutoweka. York alipojaribu kuipamba sauti kwa mitambo yake jinsi mhandisi yeyote angefanya, Nelson aliikataa na kumtaka arudie bila mapambo.

Gitaa analopiga ni Martin yenye nyuzi za nailoni, aliyoipa jina Trigger. Aliinunua mwaka 1969 kwa takriban dola 750 bila kuiona. Imeundwa kwa kuchezewa kwa vidole, ilhali yeye hutumia kijibao, na kucha na kijibao hicho vimechimba tundu la pili ubaoni chini ya lile la kawaida. Sauti yake haifanani na gitaa lolote la kantri. Ina kitu cha Mexico ndani yake, na kitu cha Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi wa Ulaya ambaye Nelson humhusudu. Katika albamu hii gitaa hilo ni mhusika kamili. Mhubiri anaponyamaza, lenyewe linaendelea kuzungumza.

'Amerekodia sebuleni?'

Mjini New York, kanda ilichezwa mbele ya Bruce Lundvall, mmoja wa wakuu wa Columbia. Pamoja naye walikuwa meneja wa Nelson, Neil Reshen, na mwanamuziki Waylon Jennings, sahibu wa Nelson ambaye naye alikuwa amepigania uhuru wa aina hiyo katika RCA. Lundvall alisema ni rekodi nzuri ya kuanzia na akataka Billy Sherrill wa Nashville aongeze vyombo. Jennings alighadhabika. Alisimama na kumwambia mwenyeji wake kwamba hana masikio ya muziki.

Sherrill hakuwa mtu wa kupuuzwa. Ndiye aliyekuwa nyuma ya vibao vya Tammy Wynette na Charlie Rich, na fidla zake ziliuza rekodi kwa mamilioni. Naye inasimuliwa kwamba alipoisikia kanda hiyo aliuliza kama Nelson ameirekodia sebuleni.

Tusiwacheke mno watu hao. Walikuwa wanabiashara waliotumia vipimo walivyovijua, na kwa vipimo hivyo bidhaa iliyo mbele yao ilikuwa nusu. Albamu ya kantri ya 1975 isiyo na fidla, yenye simulizi moja ya mauaji, vipande vya piano visivyoimbwa na wimbo wa kanisa katikati yake, haikuwa na rafu yake dukani. Lundvall anastahili sifa kwa jambo moja: aliuheshimu mkataba, akaitoa kama ilivyo.

Wimbo wa mvua

Wimbo ulioibeba albamu hadi redioni ulikuwa Blue Eyes Crying in the Rain. Uliandikwa na Fred Rose, mmoja wa waasisi wa biashara ya uchapishaji wa nyimbo mjini Nashville, na kurekodiwa na Roy Acuff katika miaka ya 1940. Rose alifariki mwaka 1954, miaka zaidi ya 20 kabla ya utungo wake kupata umaarufu huu mpya.

Ni wimbo mfupi, wa dakika mbili na sekunde kadhaa. Mtu anakumbuka kuagana na mpenzi wake mvua ikinyesha, anazeeka, na anategemea kumwona tena ng'ambo ya kaburi. Ukiusikia peke yake redioni ni wimbo wa majonzi kama mingine mingi. Ndani ya albamu, anayeimba ni mume aliyemuua huyo anayemlilia. Mamilioni ya watu wameupenda kwa miaka mingi bila kulijua hilo, na huenda wengi wangeuona mwingine kabisa wakilijua.

Oktoba 1975 ulifika nambari moja katika orodha ya nyimbo za kantri, ushindi wa kwanza wa Nelson kama mwimbaji, na katika orodha ya jumla ya Marekani ulifika nambari 21. Ulimpa tuzo ya Grammy ya mwimbaji bora wa kiume wa kantri. Kwa masimulizi ya waliokuwa na Elvis Presley nyumbani kwake asubuhi ya Agosti 16, 1977, siku aliyofariki, huo ni miongoni mwa nyimbo za mwisho alizoimba akiwa kwenye piano.

Remember Me ulifuata na kufika nambari mbili. Albamu yenyewe iliidhinishwa kuwa ya dhahabu mnamo 1976, na kufikia 1986 ilikuwa imevuka nakala milioni mbili nchini Marekani.

Wanawake wasiosema

Sifa zimemiminwa juu ya albamu hii hadi lawama yake kubwa ikasahaulika. Wanawake wawili wanauawa, mmoja kwa kupenda kwingine na mwingine kwa kumshika farasi, na hakuna anayepewa mstari hata mmoja wa kusema lake. Mwanamume anaachiliwa na sheria, anapata mpenzi mwingine, na anazeeka kwa amani na mtoto pembeni. Kwa msomaji wa magazeti ya leo, ambaye visa vya wanawake kuuawa na waume na wapenzi wao si ngano za mwaka 1901, usikilizaji huo hauwezi kuwa mwepesi.

Watetezi husema hii ni ngano ya zamani ya magharibi mwa Marekani, na kwamba nyimbo za mauaji zimekuwapo katika muziki wa huko tangu wahamiaji wa Scotland na Ireland walipozileta. Ni kweli. Lakini Nelson hakuwa mtu asiyejua namna ya kumpa mwanamke sauti. Mwaka mmoja tu kabla, katika Phases and Stages, aliisimulia talaka mara mbili: upande wa kwanza wa santuri kwa macho ya mke, upande wa pili kwa macho ya mume. Mke ndiye aliyetangulia kusema, na wengi huona upande wake ndio bora. Alikuwa anauweza usawa huo. Safari hii hakuutaka.

Kilichopo badala yake ni ukimya. Mwimbaji hamtetei mhubiri na hamlaani. Anasimulia kwa sauti ile ile anayotumia kueleza machweo ya jua, na vyombo vinakaa mbali naye. Fidla za Sherrill zingemwambia msikilizaji mahali pa kulia na mtu wa kumhurumia. Zingemgeuza mhubiri kuwa mgonjwa wa mapenzi anayestahili kubembelezwa. Bila fidla, msikilizaji anabaki ana kwa ana na mtu huyo na alichokifanya. Haki ya mkataba ambayo Nelson aliitumia mbele ya Columbia haikuwa ya kupunguza gharama tu. Iliamua pia jinsi muuaji atakavyoonekana.

Iwapo hilo linatosha, ni jambo ambalo kila msikilizaji huamua anapofika kwenye Hands on the Wheel. Wapo wanaosikia toba ndani yake. Wapo wanaosikia mtu aliyesahau.

Baada ya 1975

Nashville haikuchelewa kuusoma ujumbe wa mauzo. Januari 1976 RCA ilikusanya nyimbo za Jennings, Nelson, Jessi Colter na Tompall Glaser katika albamu ya Wanted! The Outlaws, ikiwauza kama wahalifu waliotoroka sheria za mji huo. Ikawa albamu ya kwanza ya kantri kuidhinishwa kuwa ya platinamu. Sehemu ya nyimbo zake zilikuwa rekodi za zamani zilizokuwa zimelala katika ghala la kampuni ile ile iliyoshindwa kumuuza Nelson.

Nelson mwenyewe aliendelea kuutumia uhuru wake kwa namna zilizowashtua wakuu wake. Mnamo 1978 alitoa Stardust, mkusanyo wa nyimbo za zamani za Marekani zisizo za kantri, ambao pia ulionywa kuwa hautauzika na ukauzika kwa miaka. Wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki walimjua baadaye zaidi, kupitia Always on My Mind wa 1982 na ule alioimba na Mhispania Julio Iglesias mnamo 1984. Aidha, sauti yake imo katika We Are the World, wimbo uliorekodiwa Januari 1985 kuchangia waathiriwa wa njaa barani Afrika, hasa Ethiopia.

Kisa cha mhubiri kiligeuzwa filamu mwaka 1986 chini ya mwelekezi Bill Wittliff, Nelson akiigiza kama mhubiri na Morgan Fairchild kama mkewe. Hapo awali studio moja kubwa ya Hollywood ilimtaka Robert Redford kwa nafasi hiyo. Filamu haikufikia heshima ya albamu, na sababu haiko mbali: kamera inalazimika kuyaonyesha yale ambayo sauti iliyaacha gizani.

Heshima za albamu zilizidi kuja. Iliingizwa katika ukumbi wa heshima wa Grammy mnamo 2002. Mwaka 2006 runinga ya CMT iliiweka ya kwanza katika orodha yake ya albamu 40 bora zaidi za kantri. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo iliichagua kwa hifadhi yake ya kitaifa ya rekodi za sauti, katika orodha ya 2009.

Wengi wa waliopiga vyombo Garland wameshafariki: Spears mwaka 2011, Payne 2013, English 2020, na Bobbie Nelson Machi 2022 akiwa na umri wa miaka 91. Kaka yake, aliyetimiza miaka 90 mnamo Aprili 2023, aliendelea kupanda jukwaani na Trigger begani.

Mji wa mbao uliojengwa kwa ajili ya filamu, pamoja na kanisa lake dogo, haukubomolewa. Umo katika ardhi ya Nelson karibu na Austin, nao hujulikana kwa jina la Luck, yaani bahati.